Hesabu ya Jumatatu

Alikuja kwangu bila nguo ya kufua,
mvua ikimchuruzika nyweleni, daftari la mahudhurio kwapani:
Eirlys Pritchard, mwalimu mkuu mpya wa shule ile ya juu,
palipokuwa na mgodi kabla makaa hayajatuacha, hapa bondeni, Wales.
Nilidhani ni mchango. Wakuu waliomtangulia
walishuka mara moja kwa mwaka, Desemba, na kopo.

"Idwal, Jumapili unafunga saa ngapi?"
Jumapili sifungui, nikamwambia.
Akalitandaza daftari juu ya mashine namba saba.

Jumatatu, vistari vyekundu kama surua.
Kumi na tisa. Ishirini na watatu. Kumi na saba.
Jumanne wanarejea wachache, Jumatano wametimia,
Ijumaa hakosekani hata mwenye kikohozi.
Wilaya ilikuwa imemwagiza: andika barua kali, tishia faini.
Aliziandika. Miezi miwili alizibandika stempu,
mpaka moja akaamua kuipeleka kwa miguu
Mtaa wa Kanisa, kwa Delyth, mama wa mapacha,
akakuta sweta mbili za shule zimeangikwa kwenye kiti
mbele ya hita baridi,
maji yakidondokea gazeti la juzi.
Kadi ya umeme ilikwisha Jumamosi usiku.
"Sijawaficha," Delyth alisema. "Nasubiri wakauke."

Hakusema zikauke.
Wakauke.

Mimi dobi. Miaka thelathini na moja siri za bonde hili
nazitoa mifukoni: risiti, meno ya bandia, barua za mapenzi.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Hii sikuijua, maana asiye na sarafu hafiki kwa dobi.

Nilipigania changu, sitasema uongo.
Umeme ghali. Sabuni ghali. Namba saba yenyewe
ikizunguka hutembea sakafuni kama mlevi anayetafuta mlango.
Akaniacha nimalize.
"Sikuombi sadaka. Nataka ubia."
Fedha ya stempu na karatasi ingelipa umeme.
Carwyn wa basi angeteremsha mifuko bila nauli.
Mimi nitoe Jumapili yangu,
yeye atoe yake.

Jumapili ya kwanza hakuja mtu.
Tulikaa wawili, mashine kumi na mbili zimetukodolea macho,
tukanywa chai mpaka ikatuchosha.
Nani atembee mchana kweupe na umaskini wake ndani ya mfuko?
Nikamwona amekunja uso, nikajua: limekwisha.

Jumapili ya pili alishuka mlima na kapu lake mwenyewe,
katikati ya barabara, polepole, madirisha yamwone:
soksi za mumewe zilizotoboka, shuka lenye doa la divai,
fulana ya ndani ambayo hata mimi niliionea haya.
Akaketi dirishani, akasahihisha insha.
Saa tisa Delyth akaingia. Hakusalimu.
Saa kumi walikuwa watano,
na pacha mmoja, magoti juu ya benchi,
anasoma kwa sauti maandishi ya pakiti ya sabuni,
akikwama, akirudi, "u-si-cha-nga-nye na nye-u-pe,"
na wanawake wamenyamaza kana kwamba ni risala.

Nimefungua kila Jumapili tangu Februari. Mke wangu analalamika.
Wilaya imeomba ripoti, kurasa sita. Hajaiandika.

Jana Jumatatu nilimpigia simu; siku hizi nami nauliza.
"Wanne," akasema.
Watatu wana mafua, ya kweli.
Wa nne ni Macsen,
na nguo za Macsen nilizikunja mwenyewe, kavu, bado zina joto.
Basi si nguo.
Nikasikia kiti kikisukumwa, zipu ya koti,
kisha simu imeachwa mezani, wazi,
na mlango wa shule ukijifunga nyuma yake.